Tupime Maji Kwanza, Kisha Tulipe: Namna ya Kujua Kitu Kikavu mu Mahindi, mu Muhogo na mu Chakula cha Mifugo



Kila mwisho wa musimu A, mahindi inapovunwa mu mwezi wa kwanza na wa pili, maneno ni yale yale mbele ya depo. Memba mumoja analeta mufuko aliouanika siku nane juu ya bashi. Mwingine analeta mufuko uliotoka shambani juzi. Mizani inaonyesha kilo 100 kwa huyu, na kilo 100 kwa yule. Karani anaandika uzito ule ule na bei ile ile. Yule wa kwanza anarudi kwake akijiuliza: "Sasa mimi nilianika ya nini?"

Swali lake ni la haki. Na kama koperative haimujibu, musimu unaofuata naye ataleta mahindi yenye maji, na jirani yake vilevile. Mwishowe depo yote inakuwa na maji, ukungu unaingia, na mwenye kununua anakataa muzigo wote. Katika somo hili tutajifunza namna ya kupima maji na kitu kikavu sisi wenyewe, na vyombo vinavyopatikana kijijini. Kisha tutaona namna ya kutumia kipimo hicho kwa kulipa, kwa kuweka akiba na kwa kulisha mifugo.

1. Kitu kikavu ni nini?

Kila kitu kinachotoka shambani kiko na sehemu mbili: maji, na kile kinachobaki maji yote yakiisha kutoka. Kile kinachobaki ndicho tunachokiita kitu kikavu. Maagronomu wetu wanasema kwa Kifaransa *matière sèche*, na mu vitabu vyao wanaandika MS. Ndani ya kitu kikavu ndimo muna unga, mafuta, chumvi za udongo, nyuzi na vyote vinavyojenga mwili. Maji ni ya lazima kwa mutu na kwa ngombe, lakini hakuna mutu anayetaka kununua maji kwa bei ya mahindi.

Tunahesabu kwa mia. Tukisema "mahindi hii iko na maji 20 kwa mia", maana yake ndani ya kilo 100 muna kilo 20 za maji na kilo 80 za kitu kikavu. Namba hizo mbili zikiunganishwa zinafanya 100 kila mara. Ukijua moja, umejua na ingine.

Angalia tofauti kati ya vitu tunavyovijua:

- Muhogo mubichi uliomenywa: kitu kikavu 30 mpaka 40 kwa mia. Kumbe zaidi ya nusu ni maji.
- Mahindi ya kuvuna: mara mingi iko na maji 20 mpaka 30 kwa mia.
- Mahindi ya kuweka mu depo: maji isipite 13 kwa mia.
- Maharagi ya kuweka: maji 12 ao 13 kwa mia.
- Karanga iliyobanjuliwa: maji isipite 7 ao 8 kwa mia, kwa sababu karanga iko na mafuta mingi na inaoza mbio.
- Kahawa ya parshi: maji 11 ao 12 kwa mia.
- Kosete za muhogo: maji 12 mpaka 14 kwa mia.

2. Feza inapotelea wapi?

Turudilie ile mifuko miwili ya mahindi. Tuseme wa kwanza uko na maji 13 kwa mia, wa pili maji 20 kwa mia. Tuseme tena bei ni franka 1000 kwa kilo. Ni mufano tu, wekeni bei ya soko lenu.

Wa kwanza alileta kilo 87 za kitu kikavu. Wa pili alileta kilo 80. Wote wawili walilipwa franka 100.000.

Mbele ya kuuzisha, koperative inaanika ule mufuko wa pili mpaka ufikie maji 13 kwa mia. Utabaki na kilo ngapi? Watu wengi wanajibu haraka: "20 kutoa 13 ni 7, basi utapoteza kilo 7, itabaki 93." Hapana. Hesabu ya kweli inaanzia ku kitu kikavu, kwa sababu hicho ndicho hakibadiliki:

80 ÷ 87 × 100 = kilo 92.

Zimepotea kilo 8, siyo 7. Koperative imepoteza franka 8.000 kwa mufuko mumoja. Ukipokea mifuko 50 ya namna hiyo, zinapotea kilo 400, ni kusema mifuko minne muzima. Hakuna mwizi aliyevunja mulango wa depo. Maji yameenda hewani, na feza ya wanamemba wote imeenda pamoja nayo.

Hapo hatujahesabu ukungu. Mahindi yenye maji mingi ikifungwa mu mufuko inapata joto, na ukungu unaanza. Aina moja ya ukungu huo inatoa sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu maini ya watu na ya mifugo. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Kwa hiyo kupima maji siyo jambo la feza peke yake, ni jambo la afya ya watoto wetu pia.

3. Vitu vya kutayarisha

- Mizani ndogo ya jikoni ya elektroniki, inayoonyesha gramu moja moja. Ile mizani kubwa ya kupimia mifuko haifai kwa kazi hii.
- Vikopo viwili vidogo vya bati visivyo na rangi wala plastiki, kama vile kopo la sardini ao la tomati lililosafishwa.
- Sufuria pana yenye muchanga mukavu, upana wa vidole viwili toka chini.
- Mbabula yenye makala yaliyoshika vizuri, bila ndimi za moto.
- Kijiko, kisu, daftari na kalamu.

Muchanga una kazi yake. Kopo likikaa moja kwa moja juu ya makala, mbegu za chini zinaungua wakati za juu zingali na maji. Muchanga unagawanya joto polepole. Kama karibu na depo kuna furu ya mikate, hiyo ni bora zaidi: ingizeni vikopo mikate ikiisha kutoka na joto likiisha kupunguka. Ku laboratoire wanakausha mu furu ya digri 105 mpaka uzito usibadilike tena. Sisi hatutafikia usawa ule wa laboratoire, lakini tutapata namba inayotosha kutenga mufuko mukavu na mufuko wenye maji.

Musijaribu kupima kwa jua peke yake. Jua linakausha, lakini halitoi maji yote. Kosete iliyoanikwa vizuri ku jua ingali na maji 12 ao zaidi kwa mia. Kwa kuanika, jua linafaa. Kwa kupima, tunahitaji moto.

4. Namna ya kupima, hatua kwa hatua

*Hatua ya 1: Chukueni sehemu inayosema ukweli.* Hapa ndipo makosa mengi yanatokea. Mutu akichota mahindi ya juu tu, atapata ile iliyoguswa na jua. Chukueni kidogo juu, kidogo katikati na kidogo chini ya kila mufuko. Changanyeni vyote juu ya bashi safi, tandazeni kama mukate wa duara, na mugawanye katika sehemu nne. Tupeni mbili zinazotazamana, changanyeni mbili zinazobaki. Rudilieni hivyo mpaka ibaki kama viganja viwili. Iwekeni mara moja mu mufuko wa plastiki uliofungwa, ili maji isitoroke mbele ya kupima.

*Hatua ya 2: Vunjavunjeni.* Mahindi itwangwe kidogo ivunjike vipande, bila kufanya unga. Muhogo na majani vikatwe vipande vidogo kama ukucha. Kipande kikubwa kinaficha maji katikati.

*Hatua ya 3: Pimeni kopo tupu na muandike.* Mufano: gramu 42.

*Hatua ya 4: Wekeni gramu 100 za kitu munachopima.* Sasa mizani inaonyesha gramu 142. Tunachagua 100 kwa sababu hesabu inakuwa nyepesi. Fanyeni vikopo viwili vya muzigo ule ule, ili kimoja kihakikishe kingine.

*Hatua ya 5: Kausheni polepole.* Wekeni vikopo ndani ya muchanga wa moto, mukoroge kila mara bila kumwanga hata chembe. Mahindi ikianza kuwa ya rangi ya kahawa, ao mukisikia harufu ya kuungua, kipimo kimeharibika: kitu kikavu chenyewe kimeanza kuungua na kwenda. Mwageni, muanze upya na moto mudogo.

*Hatua ya 6: Pimeni mara kwa mara.* Toeni kopo, muache lipoe kidogo, kwa sababu kopo la moto linadanganya mizani na kuiharibu. Lakini musiliache wazi muda murefu, kwa sababu kitu kikavu kinavuta tena maji ya hewani, zaidi sana wakati wa mvua. Pimeni, muandike, murudishe ku moto kwa dakika 20, mupime tena. Mukipata uzito ule ule mara mbili kwa kufuatana, maji imeisha. Musihesabu saa, hesabuni uzito.

Mufano wa daftari:

Kopo tupu: gramu 42
Kopo na mahindi: gramu 142
Kipimo cha kwanza: gramu 126
Kipimo cha pili: gramu 123
Kipimo cha tatu: gramu 122
Kipimo cha ine: gramu 122. Tunaacha.

*Hatua ya 7: Fanyeni hesabu.* 122 kutoa 42 ni gramu 80. Tulianza na gramu 100. Basi kitu kikavu ni 80 kwa mia, na maji ni 20 kwa mia.

Kama hamukuanza na gramu 100, tumieni hesabu hii:

Uzito mukavu ÷ uzito mubichi × 100 = kitu kikavu kwa mia.

Mufano: majani ya gramu 250 yakibaki gramu 45, 45 ÷ 250 × 100 = 18 kwa mia.

Vikopo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya 2 kwa mia, kuna kitu hakikuenda sawa. Rudilieni kazi.

5. Kulipa kwa haki

Koperative inachagua kwanza kiwango chake. Kwa mahindi tunashauri maji 13 kwa mia, ni kusema kitu kikavu 87. Kila muzigo unarudishwa ku kiwango hicho kwa hesabu moja:

Kilo zilizoletwa × kitu kikavu ÷ 87 = kilo za kulipa.

Kwa asiyependa hesabu, bandikeni karatasi hii ku ukuta wa depo, mahali kila mutu anaweza kuisoma:

| Maji kwa mia | Kitu kikavu kwa mia | Kilo za kulipa kwa kila kilo 100 |
|---|---|---|
| 13 | 87 | 100 |
| 15 | 85 | 97,7 |
| 16 | 84 | 96,6 |
| 18 | 82 | 94,3 |
| 20 | 80 | 92,0 |
| 22 | 78 | 89,7 |
| 25 | 75 | 86,2 |

Memba mwenye mahindi yenye maji mingi apewe kuchagua: arudi kuanika, ao alipwe kwa uzito uliorekebishwa, na koperative ichukue kazi ya kuanika. Kama koperative ndiyo inaanika, ni haki ikate pia kitu kidogo cha kulipa kazi hiyo. Mukutano mukuu ndio uamue ni kiasi gani, siyo karani peke yake.

Na memba anayeleta mahindi kavu kupita kiwango? Kwa hesabu ile ile, mahindi ya maji 11 kwa mia inastahili kulipwa kama kilo 102 kwa kila kilo 100. Kama tunakata yule wa maji, tukubali pia kumuongezea yule aliyekausha zaidi.

Sasa tuseme neno gumu. Kipimo hiki kinaweza kujenga uaminifu, na kinaweza kuuvunja. Kikifanywa nyuma ya mulango, wanamemba watasema komite inatafuta njia ya kuwakata kilo, na pengine hawatakosea. Kwa hiyo mushike kanuni hizi:

- Sehemu ya kupima ichukuliwe mbele ya mwenye muzigo, na yeye mwenyewe achague pahali pa kuchota.
- Kopo lipimwe tupu mbele yake, na asome mizani kwa macho yake.
- Namba zote ziandikwe mu daftari la depo, na memba apewe karatasi yake.
- Muzigo wa prezida upimwe sawa na muzigo wa mujane asiye na mutu wa kumusemea.
- Sehemu ndogo ya kila muzigo isiyokaushwa iwekwe siku mbili mu kopo lililofungwa vizuri, lenye jina. Mutu akikataa namba, kipimo kirudiliwe mbele ya wanamemba wawili wengine.

6. Chupa na chumvi: njia ya kutenga haraka

Mukipokea mifuko 60 kwa siku, hamuwezi kukausha sehemu ya kila mumoja. Kuna njia nyepesi ya kutenga kwanza. Chukueni chupa ya kioo yenye kifuniko, safi na kavu kabisa. Chumvi nayo ikaushwe kwanza mu sufuria na ipoe, kwa sababu chumvi ya jikoni mara mingi imevuta maji. Jazeni mahindi mpaka sehemu moja kwa tatu ya chupa, muongeze vijiko viwili ao vitatu vya chumvi. Fungeni, mutikise kwa nguvu dakika moja, kisha muache chupa itulie dakika kumi na tano.

Kama chumvi imeshika ku kioo, mahindi iko na maji zaidi ya 15 kwa mia: irudi ku jua ao ipimwe na moto. Kama chumvi haikushika, mahindi iko chini ya 15. Lakini angalia: chini ya 15 haimaanishi kwamba imefika 13. Chupa inasema "hapana" vizuri, lakini haisemi "ndiyo" kamili. Kwa muzigo wa kuweka miezi mingi, tumieni moto.

7. Muhogo: kupima ndani ya maji, bila moto

Kwa wale wanaonunua muhogo mubichi wa kufanya kosete ao unga, kuna njia ingine inayotegemea jambo moja: muhogo wenye unga mingi ni muzito zaidi ndani ya maji. Watafiti wa muhogo waliifanyia hesabu, na inafanya kazi ku mizizi mizima, isiyooza, iliyosafishwa udongo.

Chukueni kama kilo 3 za mizizi kutoka mashina mbalimbali. Iwekeni mu kifuko cha nyavu, muitundike ku mizani ya ndoano inayoonyesha gramu 10 kwa 10. Andikeni uzito wa hewani. Kisha mushushe kifuko ndani ya pipa la maji mpaka mizizi yote izame, bila kugusa chini wala pembeni, na mizani ingali inakishika. Andikeni uzito wa ndani ya maji.

Hesabu ni hii:

Uzito wa hewani ÷ (uzito wa hewani kutoa uzito wa majini) = A
A × 158,3 kutoa 142 = kitu kikavu kwa mia.

Mufano: hewani gramu 3000, majini gramu 300. 3000 ÷ 2700 = 1,111. Mara 158,3 ni 175,9. Kutoa 142 ni 33,9. Basi muhogo huo uko na kitu kikavu karibu 34 kwa mia.

Kwa nini inafaa kujua? Kwa sababu kilo 1000 za muhogo uliomenywa wenye kitu kikavu 38 kwa mia zinatoa kosete kilo 437 za maji 13 kwa mia. Kilo 1000 zenye kitu kikavu 30 zinatoa kilo 345 tu. Ni tofauti ya kilo 92, kwa kazi ile ile ya kumenya, kubeba na kuanika. Mara mingi ni wamama wanaofanya kazi hiyo, na ni migongo yao inayobeba maji yale bure.

Muda wa kuvuna unabadilisha namba hiyo. Mwisho wa kiangazi, unga ni mingi ndani ya muzizi. Mvua ikirudi, muti unachota unga ule kwa kutoa majani mapya, na kitu kikavu kinashuka. Kwa kosete, ni vizuri kuvuna mbele mvua ya mwezi wa tisa haijashika. Jua nalo lingali linasaidia kuanika.

8. Ngombe anakula kilo ngapi?

Mufugaji akisema "namupa ngombe wangu kilo 50 kwa siku", hajasema bado kitu. Kilo 50 za nini? Ngombe anahitaji kwa siku kitu kikavu cha 2 mpaka 3 kwa mia ya uzito wake. Ngombe wa kilo 300 akila 3 kwa mia, anahitaji kilo 9 za kitu kikavu.

Hizi ni namba za kuongoza. Pimeni za kwenu na mukopo na muchanga:

- Matete mabichi: kitu kikavu 15 mpaka 20 kwa mia
- Majani ya viazi vitamu: 12 mpaka 15
- Shina la mugomba: 5 mpaka 8
- Dreshi ya pombe, mbichi: 20 mpaka 25
- Pumba ya muchele ao ya mahindi: karibu 88 mpaka 90

Hesabu: kilo zinazohitajiwa ÷ kitu kikavu × 100.

Kwa matete ya 18 kwa mia: 9 ÷ 18 × 100 = kilo 50. Kwa matete machanga ya wakati wa mvua, ya 15 kwa mia: kilo 60. Kwa shina la mugomba la 6 kwa mia: kilo 150, na hakuna ngombe wa kilo 300 anayeweza kumeza muzigo huo. Ndiyo sababu ngombe anayelishwa mugomba tupu anaonekana na tumbo kubwa na mbavu inje. Tumbo limejaa maji. Mugomba umupe kama kinywaji cha kiangazi, chakula chenyewe kitoke mahali pengine.

Hesabu hii inasaidia pia kununua. Kilo 100 za dreshi ya 22 kwa mia ziko na kilo 22 za kitu kikavu. Kilo 25 za pumba ya 88 kwa mia ziko na kilo 22 vilevile. Basi mwenye nguruwe asilinganishe bei ya kilo na kilo. Alinganishe kilo 4 za dreshi na kilo moja ya pumba, na aongeze feza ya kusafirisha yale maji mpaka kwake. Kisha aulize agronomu juu ya proteini, kwa sababu kitu kikavu kinaonyesha *kiasi* cha chakula, hakionyeshi *uzuri* wake. Dreshi mara mingi inapita pumba kwa proteini.

9. Mambo ambayo kipimo hiki hakiwezi kuonyesha

Mahindi kavu inaweza kuwa na sumu ya ukungu iliyoingia mbele ya kukauka. Kuianika tena kunazuia ukungu kuendelea, lakini hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mbegu zenye ukungu zitengwe kwa mukono, zisiliwe na mutu wala na kuku.

Muhogo muchungu nao unaweza kukauka vizuri na kubaki na sumu yake. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ya watu, umeonekana sana upande wa Kwango, kama vile Kahemba na Popokabaka, pale muhogo muchungu unapoliwa bila kulowekwa siku za kutosha. Mutu asiruke kazi ya kuloweka kwa sababu kosete zimefikia maji 13 kwa mia. Kuloweka kunatoa sumu, kuanika kunalinda akiba. Kazi zote mbili ni za lazima.

10. Zoezi la kufanya katika kikundi

Fanyeni hesabu hizi pamoja, mbele ya kusoma majibu.

a) Memba ameleta kilo 240 za mahindi. Gramu 100 zimebaki gramu 82 kisha kukauka. Kwa kiwango cha 87, alipwe kilo ngapi?

b) Gramu 200 za majani ya viazi vitamu zimebaki gramu 26. Ngombe wa kilo 200 anahitaji kilo 6 za kitu kikavu. Akila majani hayo peke yake, apewe kilo ngapi kwa siku?

c) Mizizi ya muhogo: hewani gramu 4000, majini gramu 320. Kitu kikavu ni ngapi kwa mia? Munaweza kuinunua kwa bei moja na ile ya mufano wa juu?

d) Swali la kujadiliana: katika koperative yenu, ni nani leo anayelipia maji? Ni yule aliyeyaleta, ao ni wanamemba wote?

*Majibu:* a) 240 × 82 ÷ 87 = kilo 226. b) Majani yako na kitu kikavu 13 kwa mia; 6 ÷ 13 × 100 = karibu kilo 46. c) 4000 ÷ 3680 = 1,087; mara 158,3 kutoa 142 ni karibu 30 kwa mia. Ule wa mufano ulikuwa na karibu 34, kwa hiyo huu uko na unga kidogo, na bei yake inapaswa kushuka. d) Jibu la swali hili liko mu daftari la depo yenu. Angalieni uzito ulionunuliwa musimu uliopita na uzito uliouzishwa. Mukitoa kile kilichoibwa na kile kilicholiwa na panya, tofauti inayobaki ni maji.

Anzeni na mizani moja, vikopo viwili na mufuko mumoja wa mahindi. Mukiisha kuzoea, chagueni wanamemba wawili, mwanamuke na mwanaume, wapime siku zote za mapokezi ya musimu unaokuja, na waeleze namba zao mbele ya mukutano.